Kitanda Juu ya Injini

Neno kombi liliingia katika Kiswahili bila kubisha hodi. Sisi tuliokulia Tanga tulilitamka tangu utotoni pasipo kuuliza limetoka wapi: gari lolote lililofanana na boflo, lenye pua butu na mlango wa ubavuni, kwetu lilikuwa kombi, liwe limebeba wagonjwa, watalii au magunia ya nazi. Huko Harare kombi ndiyo daladala yao. Brazili nako ni Kombi. Na hapa Cape Town, ninakochuma riziki yangu kwa useremala, ukimsikia mtu anataja kombi huna budi kungoja amalize sentensi, ndipo ujue kama anasema gari la abiria wanaowahi kazini ama lile lenye godoro nyuma, la kwendea pwani. Asili yake ni neno la Kijerumani refu kama behewa, Kombinationskraftwagen, yaani gari la kuunganisha mambo mawili. Mambo gani? Watu na mizigo. Ng'oa viti, pakia saruji. Rudisha viti, pakia familia.

Nalishikilia neno hili, ndugu msomaji, kwa sababu ndilo ufunguo wa yote nitakayoyasema. Siku hizi kuna vijana wanaofanya kazi zao kwa mtandao. Hununua kombi kuukuu, wakaitia kitanda, betri na meza ya kompyuta, kisha wakafuata mawimbi kutoka pwani hadi pwani, mbao zao za kutelezea zimefungwa juu ya paa. Ukiongea nao watakwambia wamegundua maisha mapya, eti kazi na matembezi ndani ya chombo kimoja. Si kweli, bwana. Hivyo ndivyo kombi ilivyozaliwa. Kilichotokea katikati ni kwamba kazi na matembezi vilitenganishwa, na waliovitenganisha hawakujuana kamwe: upande mmoja wapanda mawimbi waliochukia kazi, upande wa pili serikali ya Marekani iliyokuwa ikigombania kuku. Habari ya kuku nitaieleza.

Tuanzie Wolfsburg. Kiwanda cha Volkswagen kilianza kujengwa pale mwaka 1938, kwa matakwa ya Hitler, na wakati wa vita kazi yake kubwa ilifanywa na watu walioshurutishwa, wakiwamo wafungwa wa makambi ya mateso. Wapenzi wa kombi hawapendi kuligusa jambo hili wanapozichora gari zao maua ubavuni, lakini lipo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 kiwanda kikawa mikononi mwa Waingereza, na aliyekabidhiwa kukisimamia alikuwa meja mmoja mhandisi, Ivan Hirst. Vyuma vilipaswa kuhamishwa kutoka banda hili kwenda banda lile na vyombo vya kubebea vilikuwa haba. Wakachukua chasisi ya kile kigari chao cha mgongo wa mviringo, wakatandika ubapa wa kupakilia mbele, na dereva wakamketisha nyuma kabisa, juu ya injini. Kioja hicho cha kubebea vyuma ndicho babu wa kombi.

Mholanzi mmoja, Ben Pon, aliyetaka kuuza magari ya kiwanda hicho kwao, alikiona. Tarehe 23 Aprili 1947 akachora ndani ya kijitabu chake cha mfukoni sanduku lenye magurudumu: dereva mbele, injini nyuma, mzigo katikati. Ni mchoro ambao hata mtoto wa darasa la pili angeona haya kuupeleka kwa mwalimu, lakini leo ni kitu cha makumbusho. Machi 1950 kombi za kwanza zikaanza kutoka, zikiwa na injini ya nguvu za farasi 25, zikibeba kiasi cha robo tatu ya tani. Ujerumani ilikuwa bado inajikung'uta vifusi. Waliolihitaji gari hilo walikuwa waoka mikate, mafundi bomba na wauza mboga.

Mwaka uliofuata, 1951, kampuni ya Westfalia ya mji wa Wiedenbrück, ambayo historia yake inaanzia 1844 katika enzi za magari ya farasi, ikatoa kitu ilichokiita sanduku la kambi. Mimi kama seremala naliheshimu sanduku hilo kuliko injini yenyewe. Ni samani ya mbao: makochi yanayokunjuliwa yakawa kitanda, kabati, rafu, mahali pa jiko dogo, na mapazia. Uzuri wake ni kwamba halikugongomelewa ndani ya gari. Liliingia na kutoka. Ijumaa jioni fundi bomba anashusha mabomba yake, anapakia sanduku, anampakia mke na watoto, hao ziwani. Jumapili usiku analishusha, na Jumatatu asubuhi gari limerudi kwenye mabomba. Nani katika Ujerumani ile alikuwa na fedha za magari mawili? Ufukara ndio uliochora ramani ya sanduku lile, na fundi aliyelipima alikuwa amemwelewa mtu wake.

Sasa tuvuke bahari hadi California.

Mchezo wa kupanda mawimbi ni mali ya Wahawaii na jamaa zao wa visiwa vya Polinesia, na ulianza kuenea California mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1907 kijana mmoja wa Hawaii, George Freeth, alikuwa akiwashangaza watu wa huko kwa kusimama wima juu ya maji. Kwa msomaji wa pwani yetu, iliyokingwa na miamba, yafaa nieleze kidogo. Wimbi linalofaa haliletwi na upepo wa hapo hapo. Huzaliwa na dhoruba iliyo mbali, pengine kilomita elfu kadhaa, likasafiri kimya kimya kama mgongo mrefu wa maji, likaja kuvunjika kwenye mwamba au rasi fulani. Mkumbo kama huo hukaa siku mbili, tatu, ukapita. Na hata ukiwapo, unautaka upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ule ambao wavuvi wa kwetu huuita umande, kwa sababu huo huliinua wimbi likasimama safi kama ukuta. Umande ni upepo wa alfajiri. Kwa hiyo anayelitaka wimbi zuri sharti aamke pale pale ufukweni. Asiye na nyumba ufukweni, na vijana hawanazo, atalala mchangani au ndani ya gari.

Kabla ya kombi walitumia magari ya mabodi ya mbao. Yalikuwa ya bei poa yakichakaa kwa sababu mbao huoza na kudai vanishi kila mara, na tajiri hana muda huo. Wengine walinunua magari ya zamani ya kubebea maiti. Usicheke: mahali anapolala marehemu, ubao wa mita tatu unalala vizuri, na kijana pembeni yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mbao za kuteleza zilikuwa zimeanza kutengenezwa kwa povu gumu lililovikwa nyuzi za kioo, nyepesi kuliko zile za mti mzito za zamani, na Jack O'Neill alikuwa ameshafungua duka lake San Francisco mwaka 1952, akaja kujulikana kwa mavazi ya mpira yaliyomwezesha mtu kukaa kwenye maji baridi saa nyingi. Ubao mwepesi, vazi la kuzuia baridi. Lililobaki ni kitanda. Kombi kuukuu za Wajerumani zikakijaza kifungu hicho. Na hapo ndipo kazi ilipotupwa nje. Wapanda mawimbi wa miaka ya 1960 hawakuchukua kombi ili wafanyie kazi. Walikuwa wanaikimbia kazi, saa ya kuingia, tai shingoni, na mwisho wa miaka ile wakaikimbia na Vietnam pia.

Ndiyo, kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wafugaji wa Marekani waliifurika Ulaya kwa kuku wa bei ya chini, na nchi za Soko la Pamoja, Ujerumani Magharibi ikiwamo, zikapandisha ushuru ili kuwalinda wafugaji wao. Desemba 1963 Rais Johnson akalipiza kisasi kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa chache: wanga wa viazi, brandi, na magari madogo ya mizigo. Lililolengwa lilikuwa kombi. Basi kombi ya mizigo ikashindwa kuuzika Marekani, lakini kombi yenye madirisha na viti, kwa kuwa ilihesabika gari la abiria, ikapita. Ushuru wenyewe haujafutwa hadi leo. Ndiyo maana Mmarekani ukimtajia kombi anafikiria muziki, maua na bahari, ilhali Mbrazili, ambaye nchi yake iliendelea kuitengeneza mpaka Desemba 2013, anamfikiria muuza matunda na gari la shule. Chombo kimoja, kwa huyu ushuru ulikata mkono wa kazi, kwa yule haukukata.

Nisije nikaandika kana kwamba barabara za California zilikuwa wazi kwa kila mwenye ubao. Mwaka ule ule wa 1951, sanduku la Westfalia lilipotoka, alikufa Malibu kijana aliyeitwa Nick Gabaldón. Mama yake alikuwa Mmarekani mweusi, baba yake wa asili ya Meksiko. Alijifunza mawimbi Santa Monica, kwenye kipande cha ufukwe kilichotumiwa na weusi, ambacho wazungu walikipachika jina la dharau, Kisima cha Wino. Mawimbi mazuri yalikuwa Malibu. Usafiri ulipokosekana Gabaldón alilala kifudifudi juu ya ubao wake akapiga kasia kwa mikono maili 12, karibu kilomita 19, ndipo aanze kucheza. Juni 1951, akiwa na miaka 24, siku ya mawimbi makubwa, aligonga nguzo za gati la Malibu, akapotea. Wakati huo wasafiri weusi wa Marekani walitembea na kitabu cha Victor Hugo Green, kilichotolewa tangu 1936, kikiwaonyesha miji na nyumba ambamo wangeweza kulala bila kufukuzwa. Kwao kulala garini kando ya bahari isiyo yao hakukuwa mapumziko.

Huku kusini mwa Afrika hadithi ilikuwa ile ile, isipokuwa iliandikwa katika sheria, kifungu kwa kifungu. Kombi ziliunganishwa Uitenhage, mji wa viwanda ambao tangu 2021 unaitwa Kariega. Kutoka huko hadi Jeffreys Bay, penye mojawapo ya mawimbi yanayosifiwa kuliko yote duniani, hazifiki kilomita 100. Filamu ya Bruce Brown, The Endless Summer, iliyoenea mwaka 1966, iliwaonyesha Wamarekani wawili wakivuka matuta ya mchanga ya Cape St. Francis na kukuta wimbi lisilo na mtu, na dunia nzima ya wapanda mawimbi ikageuza shingo kutazama upande huu. Kuanzia hapo kombi zikawa zinapanga foleni Jeffreys Bay kila majira ya baridi.

Sasa hebu tupige hesabu pamoja. Sheria ya mwaka 1952 ilimkataza Mwafrika, ukiacha wale waliotimiza masharti maalumu, kukaa katika eneo la mji zaidi ya saa 72 bila kibali. Sheria ya mwaka 1953 ikahalalisha kugawa fukwe, mabenchi na vyoo kwa rangi za watu. Saa 72 ni siku tatu. Siku tatu ni umri wa mkumbo mmoja mzuri. Kijana wa Kizungu aliyeacha kazi Cape Town angeweza kuegesha kombi yake Jeffreys Bay akasubiri mkumbo mmoja, wa pili, wa tano, akawa wimbo wa uhuru vinywani mwa wenzake. Mwafrika aliyekuja mjini kutafuta kazi, pengine ya kufunga boliti za kombi ile ile, alihesabiwa saa, na zikizidi alikuwa mhalifu. Wote wawili walikuwa watu wasio na anwani.

Mwaka 1972 Eddie Aikau, Mhawaii halisi, mlinzi wa fukwe aliyesifika kwao kwa ushujaa, alialikwa kwenye mashindano ya Durban. Hoteli ikamkataa kwa ngozi yake. Mwana wa wenye mchezo, amekuja kwenye mchezo, hana pa kulala! Ilibidi familia ya Kizungu ya wapanda mawimbi imchukue nyumbani kwao. Machi 21, 1985, katika kitongoji cha Langa hapo Uitenhage, polisi waliufyatulia risasi umati uliokuwa ukienda mazikoni, wakaua watu wasiopungua 20. Mwaka huo huo Tom Carroll wa Australia, bingwa wa dunia wa 1983 na 1984, alitangaza kwamba hatakanyaga tena mashindano ya Afrika Kusini madhali ubaguzi upo. Walikuwapo waliomwambia siasa na maji havichanganyiki. Fukwe zilifunguliwa kwa wote kwa tangazo la de Klerk la Novemba 1989, na sheria yenyewe ikafutwa 1990.

Kombi iliyoletwa kwetu karakana ilikuwa ya 1988, ya kizazi cha tatu, kile cha pembe mraba. Ujerumani walikuwa wameshakiacha kizazi hicho mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uitenhage waliendelea nacho mpaka 2002, na ndiyo sababu hapa vipuri havijawa dhahabu. Mwenyewe ni kijana anayeandika programu kwa ajili ya kampuni ya ng'ambo, mpole, mwenye ubao wa futi tisa na madeni. Alinionyesha picha ya gari analolitaka kwenye simu yake. Nikamwuliza unataka kulala, unataka kufanya kazi, ama unataka kupigwa picha? Akacheka. Akasema mawili ya kwanza.

Basi nikaanza na kutu, maana kutu ndiyo mwenye gari hasa. Katika kizazi hiki huota kwenye maungio ya mabati, chini ya mpira wa madirisha na kando ya mlango wa kusukuma. Gari linalolala baharini huvuta chumvi kila usiku, asubuhi jua likaipika humo. Ukifunika kutu kwa plaiwudi nzuri umezika mtu aliye hai. Tulikwangua, mwenzangu akachomelea, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo tukaweka sufi ya kuzuia joto. Plaiwudi nilitumia ya milimita 9, na 12 pale penye kubeba mwili wa mtu. Wateja wengi wanapenda mbao nene, ngumu, za kuonekana. Mimi nawaambia kila kilo unayoiweka ndani utaipandisha mlima kwa injini ile ile ya zamani. Kitanda kikakaa mahali pake pa asili, kikining'inia nyuma juu ya injini. Wakati wa baridi ni neema, ukifika usiku godoro lina uvuguvugu. Wakati wa kiangazi utalaani. Na injini za maji za miaka ile zina ugonjwa wake: rejeta iko mbele, injini iko nyuma, maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya tumbo la gari, na gasketi za silinda hedi zikichoka yanavuja. Kwa hiyo niliacha mlango mpana chini ya godoro, ili fundi asilazimike kuvunja kitanda cha watu kila akitaka kutazama injini.

Ugumu wa kazi ya leo uko kwenye umeme. Fundi wa Westfalia hakuujua. Kompyuta mpakato ya mtu huyu inakula wati kama 60. Saa sita za kazi ni wati-saa 360. Kisanduku cha intaneti, wati 10 kwa saa kumi, ni 100. Friji ndogo ya kombi, ikizima na kuwaka yenyewe, tuseme 400 kwa siku. Taa na simu 50. Jumla inakaribia 900. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kunywewa zaidi ya nusu, kwa hiyo inakupa kama 600, na hapo umeishiwa jioni. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo inakupa zaidi ya 1,200. Paneli ya sola ya wati 200 juani kwa saa tano, ukitoa upotevu, italeta kama 750. Karibu itoshe. Lakini Rasi hii mikumbo mizuri huja katika majira ya baridi, kati ya Mei na Agosti, dhoruba zinapopita kusini ya bara, na hiyo ndiyo miezi ya mvua, mawingu na jua linalopita chinichini. Yaani siku za mawimbi ndizo siku za giza! Dawa ni kuifunga betri ya nyumba na altaneta kupitia kichajio cha ampea 30, gari likitembea saa mbili umepata kama wati-saa 700. Kumbe basi: asiyetaka kuzimika kompyuta itamlazimu kuwasha gari aende mahali.

Jambo hili lingemchekesha, ama kumhuzunisha, Jack Nilles. Huyo ni mhandisi wa Los Angeles ambaye mwaka 1973, mwaka wa vikwazo vya mafuta, alibuni neno la kazi ya mbali. Hoja yake ilikuwa kwamba simu zipeleke kazi kwa mtu, ili mtu asichome petroli kuifuata kazi. Na aliyeonyesha kwamba kazi inaweza kumfuata mtu njiani alikuwa Mmarekani mwingine, Steven Roberts, aliyeondoka Ohio mwaka 1983 kwa baiskeli yenye paneli ya sola na kikompyuta cha kupakata kilichokula betri nne za tochi. Aliandika makala njiani, akayatuma kwa simu za kando ya barabara. Mwaka 2023 umeme ulikatwa kwa zamu katika nchi hii zaidi ya siku 300, na mteja wangu aliniambia kuna siku ambazo mtaa mzima ulikuwa gizani, yeye ndani ya gari bovu la rafiki yake akiendelea na kazi. Hapo ndipo aliponunua lake.

Siku moja tulikwenda mjini na gari hilo kuchukua bawaba na sponji. Tulipokuwa tumesimama karibu na madaraja ya barabara kuu, kule upande wa bandari, nikaongea kwenye simu na dada yangu aliyeko Tanga. Kijana mmoja akasogea dirishani. Huko chini ya madaraja kumekaa kwa miaka mingi vijana wa Kitanzania, wanaosubiri meli ya kuzamia. Kuta zao zimejaa Kiswahili kuliko mahali pengine popote katika mji huu. Alikuwa wa Temeke.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima tu. Hilo gari ndilo mnaloliwekea kitanda?" Akachungulia, akaliona godoro, meza na waya wa paneli. "Dah. Na huyu mzungu anaruhusiwa kulala humo? Hawamwamshi?"

Nikamjibu kwamba inategemea. Sikuwa na jibu jingine, na lile lilikuwa la kweli. Kanuni ya mji ya 2007 inakataza mtu yeyote kulala usiku kucha au kupiga kambi mahali pa umma pasiporuhusiwa, haisemi juu ya mchanga au juu ya godoro, na kombi zinazolala kando ya ufukwe zinaangukia kwenye kanuni ile ile kama huyu wa Temeke. Mwenye kombi akigongewa kioo huombwa asogee mbele, na ana injini ya kusogelea. Juni 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuwaondoa watu waliokuwa wamejenga vibanda vyao sehemu kadhaa za katikati ya mji, ufukwe wa bandari ukiwamo. Mwezi ule ule Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya mji wa Grants Pass, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hakuna pengine pa kuwalaza. Na mwaka huo huo Afrika Kusini ikaanzisha viza kwa wageni wanaofanya kazi kwa mtandao, kwa sharti la kipato cha takribani randi 650,000 kwa mwaka. Sheria ya saa 72 ilikufa 1986. Siku hizi saa hazihesabiwi kwa rangi, zinahesabiwa kwa randi.

Sina chuki na mteja wangu. Alimpa yule kijana namba ya mtu mwenye kazi ya kupaka rangi, na alinilipa kwa wakati, jambo ambalo si wote wanalifanya. Ila nilimwomba kitu kimoja. Badala ya kuyapigilia makabati ubavuni mwa gari moja kwa moja kama kwenye picha aliyonionyesha, niliyaunganisha yote, meza, kochi, kabati la betri, yakawa sanduku moja linaloshikwa na boliti nne sakafuni, na nyaya zikawa na soketi ya kuchomoa. Watu wawili wanalishusha kwa dakika ishirini. Akauliza faida yake ni nini, maana yeye hana mabomba ya kupakia. Nikamwambia mabomba hana, lakini mimi nina mbao, na gari la karakana limekufa tangu Pasaka. Alikwenda Jeffreys Bay Juni, akakaa mikumbo miwili. Aliporudi tulilishusha sanduku, tukaliegemeza ukutani, na Jumatatu ile tulibebea mlangoni mwa shule moja mabenchi 14, kwa safari mbili.